Habari za Biashara: Kutoka Kaze na Kafuro hata Maktaba za Mtandao

Mwaka juzi jirani yangu mmoja hapa Igurwa aliuza kahawa yake ingali maua mtini. Kwetu Kagera biashara hiyo huitwa butura, na wenyeji wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kuelezwa. Lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali nitasema kidogo. Mwenye shamba hupatwa na shida ya fedha miezi mingi kabla ya mavuno. Mnunuzi huja, huipitia miti, hukisia madebe yatakayotoka, kisha hulipa papo hapo kwa bei aipendayo yeye. Kahawa ikiiva, huja na magunia yake kuichukua, na mwenye shamba hutazama tu. Serikali imeikataza butura mara nyingi, walakini shida haisomi matangazo. Jirani yangu alikuwa na mgonjwa nyumbani, akauza.

Mavuno yalipofika alihesabu, akaona ya kuwa alipewa chini ya nusu ya bei waliyopata wenzake. Akaja kwangu jioni, akakaa barazani, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Hebu niambie, bei ya kahawa hutoka wapi? Ni nani aitungaye?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, naona haya kusema, lakini sijui. Nipe siku, nikatafute."

Basi habari hii ni matokeo ya kutafuta huko. Nilianza nikitafuta bei, nikajikuta nasoma tarikhi. Maana niligundua kwamba swali la mzee huyu limeulizwa katika nchi hii yetu ya Karagwe kwa muda wa miaka mia na sabini na zaidi, na kila kizazi kimekuwa na mahali pake pa kulitafutia jibu.

Hapo kale, kabla ya Wajerumani, nchi yetu ilikuwa ufalme, na mji wa mfalme ulikuwa Bweranyange. Wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walifika wakitafuta pembe za ndovu, wakajenga kituo chao Kafuro, si mbali na mji wa mfalme. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alimwambia Emin Pasha kwamba yeye alifika Buganda tangu mwaka 1844. Watu hawa hawakuwa wajinga wa kutembea ovyo. Msafara kutoka pwani hata Karagwe ulichukua miezi mingi, wapagazi wakilishwa na kulipwa, na hongo ikitolewa kwa kila mtemi njiani. Mtu akifika na bidhaa zisizotakiwa amekwisha kufilisika. Mfano mkubwa ni ushanga. Ushanga ulikuwa wa aina nyingi mno, na kila nchi ilipenda aina yake. Ushanga mwekundu uitwao samesame ulipokewa kama fedha mahali pengi, lakini aina nyingine zilipendwa hapa, na mwendo wa siku chache mbele hazikununua hata kuku. Tena mapenzi hayo yaligeuka mwaka kwa mwaka. Mtu aliyefungasha mizigo yake Bagamoyo alihitaji kujua mapema wanawake wa Karagwe wanavaa nini. Habari hiyo ilikuwa na thamani sawa na mzigo wenyewe.

Aliipata wapi? Aliipata Kaze, katika Unyanyembe, pale penye Tabora ya leo. Kaze palikuwa njia panda: njia moja yaenda Ujiji, nyingine yaja kwetu kaskazini. Wafanya biashara walikaa barazani kwa miezi, wakingoja mvua ziishe au vita vipoe, na katika kungoja huko walibadilishana habari. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze mnamo Novemba 1857, mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani aliyekuwa amekwenda Buganda mwaka 1852. Burton alikaa naye, akamwuliza kwa Kiarabu habari za Karagwe, za Buganda, za ziwa, za njia, za bei, naye Snay akamjibu jambo baada ya jambo. Burton aliandika yote, na mwaka 1860 yakapigwa chapa London katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa. Hata hivi leo habari nyingi za biashara ya bara ya wakati ule twazipata mle, na Burton mwenyewe hakutia mguu Karagwe. Maktaba yake ilikuwa kichwa cha Snay bin Amir.

Nisimsahau Musa Mzuri, Mhindi aliyekaa Kaze na kufanya biashara na Karagwe. Rumanyika alipogombania ufalme na ndugu yake Rogero, Musa alitoa pembe kwa mfalme wa Buganda ili alete jeshi la kumsaidia Rumanyika. Hapa twaona kwamba mfanya biashara huyu alijua habari za siasa kuliko mabalozi wengine wa leo, na aliitumia elimu hiyo kulinda mtaji wake.

Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mnamo Novemba 1861. Speke alisafiri mbele kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, na Grant akabaki kwetu miezi kadhaa kwa kidonda cha mguu. Stanley naye alifika mwaka 1876, akaonana na Waarabu wa Kafuro. Wote hawa waliandika. Nasema hivi kwa sababu nitarudi kwao hapa chini.

Na huko Ulaya wafanya biashara walitafuta habari wapi? Hapa nilicheka peke yangu, maana jibu ni kahawa. Mnamo mwaka 1688 palikuwapo London nyumba ya kunywea kahawa ya mtu aitwaye Edward Lloyd. Manahodha, wenye marikebu na matajiri walikuja kunywa, na katika kunywa wakaambiana chombo kipi kimefika, kipi kimezama, na shehena gani inauzwa. Lloyd akaona faida, akaanza kukusanya habari za vyombo kwa ajili ya wateja wake. Katika mwaka 1734 likaanza kupigwa chapa gazeti la habari hizo, Lloyd's List, na jina la nyumba ile ya kahawa ndilo jina la soko kubwa la bima hata leo. Katika nyumba nyingine iitwayo Jonathan's ndimo mwaka 1698 John Castaing alimoanza kutoa karatasi ya bei za fedha na hisa. Kahawa waliyokunywa hao ilitoka Yemeni, haikuwa ya kwetu. Nasi wakati ule tulikuwa na kahawa yetu tukiichemsha na majani, tukiikausha, tukiitafuna, na kumpa mgeni punje mkononi kabla ya maneno yo yote; na wawili waliochanjana omukago walikula punje yenye damu. Basi huku na huko watu walikaa na kahawa ndipo wakapeana habari. Tofauti ni moja: wao waliandika kwenye karatasi, nasi tuliweka kichwani.

Kuandika kulifika kwetu na Wajerumani. Emin Pasha aliweka kituo cha Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikapita ziwani, kahawa ya Bukoba ilipata njia nyepesi ya kwenda Mombasa, na kutoka hapo kitu kilichokuwa zawadi ya mgeni kikageuka kuwa mali ya kuuzwa. Serikali ya Kijerumani ilianzisha chuo cha uchunguzi wa mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1905 likatoka huko gazeti la wakulima liitwalo Der Pflanzer. Waingereza walipoingia wakaandika nao taarifa za kila mwaka za kilimo na biashara. Kwa hiyo habari zilikuwapo, zimeandikwa, zimehesabiwa. Lakini ziliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, zikasomwa Dar es Salaam, Berlin na London. Mkulima wa Karagwe aliyezizalisha kwa jembe lake hakuziona hata siku moja.

Naamini jambo hilo lilikuwa sehemu ya ugomvi wa mwaka 1937. Serikali ilitoa amri juu ya namna ya kutunza mikahawa, na wakulima wa Bukoba wakakataa, kukawa fujo. Wengi wameandika kwamba watu walikataa kwa kuhofia mashamba yao, na hayo ni kweli. Lakini mimi nikisoma naona tena watu walioamriwa jambo bila kuonyeshwa hesabu yake. Chama cha wakulima wenyeji kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1936, na mwaka 1950 kikaja chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU. Vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake chenyewe, KDCU. Mambo ya ushirika ni marefu, yahitaji habari yake peke yake, nayaacha hapa.

Sasa nije kwenye maktaba. Mwaka 1948 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha Ofisi ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki. Pamoja na kupiga chapa, ofisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu katika miji na vijiji, na mtu aliyekaa mbali aliweza kuandika barua, akaletewa kitabu kwa posta, akakisoma, akakirudisha. Nawaza mwalimu mwenzangu wa zamani akingoja kitabu kipite Mwanza, kivuke ziwa, kipande milima yetu juu ya lori. Mwaka 1963 Tanganyika ikatunga sheria ya kuwa na huduma yake yenyewe ya maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu Dar es Salaam. Maktaba za mikoa zikafuata, na Bukoba ikapata yake.

Kwa habari za biashara hasa, watu wa Marekani walitangulia. Katika mji wa Newark, mkutubi John Cotton Dana alifungua mwaka 1904 tawi la maktaba kwa ajili ya wafanya biashara, akaliweka katikati ya mji, penye maduka na maofisi. Akawawekea vitabu vya anwani, ramani, orodha za viwanda na taarifa za bei. Wengine walimcheka, wakisema maktaba ni mahali pa mashairi na hadithi. Yeye alijua kwamba mwenye duka naye ni msomaji, tena msomaji mwenye haraka. Mawazo yake yalienea. Huko London, Maktaba ya Uingereza ilifungua kituo cha biashara mwaka 2006, ambapo mtu mwenye wazo la kazi huingia, akasomewa hali ya soko bila kulipa.

Nyaya za mawasiliano chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ikashuka bei, na pole pole simu za mkononi zikaifikisha hata kwenye migomba yetu. Ndipo nikarudi kwenye swali la jirani yangu.

Siku ya kwanza nilifanya kama wafanyavyo watu wote. Nilifungua simu, nikaandika "bei ya kahawa", nikangoja. Yakaja mambo mengi: watu wanaouza kahawa ya kopo, watu wanaotaka niwekeze fedha, watu wanaoniahidi utajiri kwa mwezi mmoja. Katika hayo nikaona tangazo la taarifa kamili ya soko la kahawa kwa shilingi elfu kumi. Nikatuma fedha. Nikaletewa karatasi mbili zilizonakiliwa mahali pengine, hazina tarehe wala jina la mwandishi. Mke wangu aliniuliza kama elfu kumi ile ilikuwa ya sukari. Nilinyamaza, maana ilikuwa ya sukari.

Kosa langu lilikuwa kutafuta sokoni kitu cha maktaba. Anayeuza hukuonyesha kile akitakacho ukinunue. Mkutubi hukuonyesha kile kilichopo, na nani alikiandika, na mwaka gani. Tovuti ya maktaba ni kama meza ya mkutubi iliyowekwa mbele ya dunia nzima. Mna orodha ya vitabu vilivyomo, na mtu aweza kuitafuta akiwa kwake. Mna hazina ya maandiko ya chuo chenyewe, yaani tasnifu za wanafunzi na uchunguzi wa walimu, na nyingi mtu huzisoma bure. Tena katika maktaba nyingi za vyuo vikuu mna kurasa za miongozo, kila somo na ukurasa wake: katika ukurasa wa biashara wakutubi wameweka pamoja mahali pa kutafutia takwimu, sheria, habari za makampuni na bei za masoko. Kurasa hizo ndizo zilizonitoa gizani, maana mtu asiyejua aanzie wapi huonyeshwa mlango.

Nilianza na maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambayo kwa sheria ya mwaka 1991 ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo. Nikaenda na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Afrika ya Mashariki, nayo ilipata jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mwalimu wa historia atalifurahia. Nilipoandika "Igurwa" sikupata karibu kitu. Nilipoandika "Karagwe" nilipata kiasi. Nilipoandika "Bukoba" nilipata mengi. Maana kitabu hujulikana kwa jina la wakati wake. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hata mwaka 2012, basi atafutaye habari za kahawa ya Kyerwa kabla ya hapo asiandike Kyerwa. Taarifa za Waingereza zinasema Tanganyika Territory, za Wajerumani zinasema Deutsch-Ostafrika. Hata Kafuro, katika kitabu cha Speke, imeandikwa Kufro. Kahawa nayo ina majina: sisi twasema kahawa, au emwani kwa lugha ya nyumbani; wafanya biashara wasema robusta; wataalamu wa mimea wasema Coffea canephora. Ukibisha hodi kwa jina lisilojulikana ndani, mlango haufunguki, ingawa mwenyeji yumo.

Tena kuna milango iliyofungwa kweli. Magazeti mengi ya wataalamu na hazina nyingi za habari za makampuni huuzwa kwa bei ambayo mshahara wangu hauwezi hata kuisalimu. Vyuo hulipa, na wanafunzi wa chuo husoma. Kwa ajili ya nchi zisizo na fedha nyingi mashirika ya Umoja wa Mataifa yalifanya mapatano na wapiga chapa: mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo lilianzisha mpango uitwao AGORA, wa maandiko ya kilimo, na mipango kama huo sasa huitwa kwa pamoja Research4Life. Lakini mipango hiyo huandikisha chuo au taasisi. Mtu mmoja mmoja haandikishwi. Kwa hiyo nilimwandikia kijana niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa yuko chuoni Morogoro, akaenda maktabani kwao akanisomea niliyoyahitaji na kunieleza kwa simu. Nilifurahi, nikaona na aibu kidogo: mwanafunzi amekuwa Snay bin Amir, nami nimekuwa mgeni wa Kaze.

Yako pia maandiko ya wazi, ambayo mtu ye yote husoma bila malipo. Orodha iitwayo DOAJ, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Lund, nchi ya Sweden, mwaka 2003, inakusanya magazeti ya namna hiyo. Na vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na maktaba ya mtandao iitwayo Internet Archive. Mle nilimkuta Speke, nikamkuta Burton, nikamkuta na Stanley. Usiku mmoja, mvua ikinyesha juu ya bati, nilisoma habari za Rumanyika katika simu yangu, nikiwa katika nchi ya Rumanyika. Maneno yaliyotoka kwetu mwaka 1861 na kwenda kupigwa chapa London, yamerudi nyumbani. Yalichelewa, lakini yamerudi.

Na bei, je? Jibu lilikuwa rahisi nilipolipata. Ukurasa wa miongozo ulinielekeza kwa Shirika la Kimataifa la Kahawa, lililoko London, ambalo lilianza kazi mwaka 1963 baada ya mapatano ya mwaka 1962. Zamani mapatano hayo yaligawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ili bei isianguke. Mgawo huo ukavunjika mwezi wa Julai 1989, na tangu hapo bei hupanda na kushuka kama mtumbwi katika tufani. Miaka ya 2001 na 2002 ilianguka hata wengine wakang'oa mikahawa. Mwaka 2024 bei ya robusta London ilipita dola 5,000 kwa tani. Shirika hilo hutangaza bei katika tovuti yake, na kila mwezi hutoa taarifa, wala halidai malipo kwa kuisoma. Kahawa yetu ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na bei ya robusta hupimwa katika soko la London kwa dola kwa tani. Ya arabika hupimwa New York kwa senti za Marekani kwa ratili. Hapa nchini Bodi ya Kahawa iko Moshi, nayo hutoa habari za minada.

Nilimwita jirani yangu, tukakaa na daftari la mwanafunzi. Nikamwambia, "Mzee, tuseme London leo ni dola 4,000 kwa tani. Tani ni kilo elfu, basi kilo moja ni dola 4. Lakini hiyo ni kahawa safi iliyokobolewa. Wewe wauza ya maganda, na kilo mbili za maganda hutoa kama kilo moja safi. Basi kilo yako, kabla ya makato, yatokana na dola 2. Hapo toa kukoboa, toa magari hata bandarini, toa ushuru, toa chama, toa faida ya mnunuzi."

Akauliza, "Na baada ya kutoa yote hayo, nilichopewa mimi kilikuwa haki?"

Tukapiga hesabu kwa bei ya mwezi alipouza. Sitaandika hapa tulichopata, maana ni siri ya nyumba yake. Alitazama daftari muda mrefu, kisha akaniomba ile karatasi, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati.

Juma lililofuata aliipeleka katika mkutano wa chama cha msingi. Nilikuwapo. Mzee huyu hajui kusoma Kiingereza, lakini alisimama akauliza bei ya London ya juma hilo, na katibu akashangaa, akasema ataitafuta. Mtu mmoja akacheka, akisema London haina mikahawa. Mzee akamjibu kwamba hata Kaze haikuwa na ndovu wengi, lakini bei ya pembe ilijulikana huko. Nilikuwa nimemsimulia habari hiyo siku mbili tu zilizotangulia, wala sikudhani kwamba aliishika.

Tangu siku ile bei huandikwa kwa chaki ubaoni, kila juma, katika ghala la chama. Vijana wawili wenye simu wameachiwa kazi hiyo, na mara moja walikosea wakaandika bei ya arabika, pakawa na furaha kubwa kwa muda wa saa tatu.

Lakini yaliyobaki ni mazito. Mwezi wa Februari mwaka huu jirani yangu alikuja tena barazani. Nilimkaribisha kahawa. Akaniambia, "Mwalimu, bei sasa naijua. Ninaijua hata kabla ya mnunuzi kuijua. Lakini mjukuu wangu ametakiwa ada mwezi huu, na miti ina maua. Nikimwambia mnunuzi bei ya London atacheka aende kwa mwingine. Je, huko katika maktaba zako hakuna mtu aliyeandika jinsi ya kungoja?"

Nilimwomba asiuze hata Jumapili. Usiku ule nikafungua tena ukurasa wa maktaba ya Morogoro, nikafuta neno "bei", nikaandika mahali pake "akiba na mikopo, wakulima wa kahawa, Kagera".